Ukikanyaga Mchanga wa Vitongoji

Ilibaki hatua moja. Moja tu.

Ghania alisimama mwisho wa majani, pale pale ambapo tangu utoto wake alikuwa akivua viatu na kutimua mbio mpaka majini bila ya kutazama nyuma. Safari hii viatu vilikuwa miguuni, na miguu yenyewe imeganda kama ya mtu aliyeona nyoka. Mbele ya vidole vyake ndipo ulipoanza mchanga wa Vitongoji, mweupe, umejinyoosha mpaka kwenye miamba. Maji yalikuwa yametoka mbali. Harufu ya chumvi ile ile, minazi ile ile iliyopindia baharini. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Yeye tu ndiye aliyekuwa hana mahali.

Mtu asiyejua atasema, huyu mwanamke ana nini? Si aingie tu? Ngoja kwanza.

Kwao Chake, nyumba ya baba yake, Mzee Thuwein, ilikuwa na ada yake. Kila mwaka karafuu zikishachumwa, zikaanikwa, zikaingia maguniani, mzee alikuwa akifunga mlango wa nyumba ya mjini, akawapakia mke na watoto, masufuria na magodoro, wote wakahamia Vitongoji wiki tatu kupunga hewa. Wenyewe wakiita "kwenda baharini", utadhani Chake hakuna bahari. Nyumba ya huko aliijenga babu yao, ya mawe, ina ua mpana nyuma na madirisha makubwa yanayotazama maji. Ghania akilala usiku wa kwanza akisikia mawimbi, asubuhi mtu akimuuliza umelalaje, husema, "Leo ndo nimelala."

Mwaka huu wa 1960 alikuja peke yake. Hakuwa na godoro wala sufuria. Alikuwa na buibui lake, kikapu kidogo, na uongo mmoja. Alimwambia mama mkwe wake, "Nakwenda kwa baba, kuna hitima." Mumewe, Mbaruk, alikuwa Unguja kwa wiki nzima. Akapanda gari la abiria, akakaa nyuma kabisa na uso kaufunika, akashuka inapoishia njia, akatembea.

Na kwa nini asikanyage? Miezi miwili nyuma, Mbaruk alikuwa kakaa barazani kwake na wanaume wenziwe, kahawa mkononi. Ghania yuko nyuma ya mlango, anasikia. Mmoja katika wale wageni akauliza tu, bila ya nia mbaya, "Mwaka huu Vitongoji mnakwenda lini?" Mbaruk akacheka. Halafu akaacha kucheka.

"Vitongoji? Haya, nyote kuweni mashahidi. Siku Ghania atakayokanyaga mchanga wa Vitongoji, ameachika."

Kikombe kiligonga kisahani. Maneno yale hayana mzaha. Mume akishayatoa hayarudi mdomoni, yanakaa yanangoja, kama mtego uliotegwa njiani. Mke akifanya lile alilokatazwa, keshaachika, hata kama mume yuko Unguja amelala. Kesho yake maneno hayo yakapanda gari la abiria, yakafika Vitongoji mapema kuliko mkate. Watu wakasema ni kwa ajili ya Mjaka, yule kijana mchoma chokaa. Ghania naye aliamini hivyo hivyo.

"Wee Ghania! Unahesabu punje?"

Alikuwa Bi Mwatum, mwanamke aliyekaa na nyumba ile mwaka mzima, tangu enzi za mama yake Mzee Thuwein. Yeye ndiye mpishi, ndiye mlinzi, ndiye mwenye funguo. Alikuwa mnene, mfupi, na mdomo wake haukuwahi kupata likizo.

"Nautazama tu, Bi Mwatum."

"Utazame ukiwa umekaa. Njoo jikoni huku. Jiko hajakukataza mtu. Mume atakukataza bahari, atakukataza harusi, atakukataza mamaako, jiko hakukatazi ng'o!"

Ghania akarudi kwa kupita juu ya majani, akichagua pa kuweka mguu kama anayetembea juu ya mayai. Jikoni akakaa juu ya kibao. Bi Mwatum akakalia mbuzi yake, akaendelea kukuna nazi.

"Sasa nambie. Umekuja kufanya nini?"

"Sijui."

"Mtu hatoki Chake na uongo mkononi akaja kufanya sijui."

Ghania alishusha buibui mabegani. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, na macho yale makubwa ya kwao, lakini chini ya macho palikuwa na weusi ambao Bi Mwatum hakuuacha pale mwaka jana.

"Kule sipumui, Bi Mwatum. Dirisha la chumbani Mbaruk kalipigilia misumari, ati upepo mbaya. Nikenda kwa mama, wifi yangu ananisindikiza mpaka mlangoni, anakaa anangoja. Nikirudi Mbaruk ananivua buibui mwenyewe, analinusa. Hasemi kitu. Ananusa tu, analitundika."

"Anakupiga?"

"Hanipigi. Bora angenipiga, watu wangenielewa. Sasa kila ninayemwambia anasema, mwanangu, mume hakupigi, hakunyimi, wataka nini? Nataka dirisha, Bi Mwatum! Nikisema nataka dirisha wananicheka."

"Babaako umemwambia?"

"Nimemwambia mara tatu. Yeye neno lake moja. Subiri, Mbaruk ni damu yetu."

"Haya basi kanyaga!" Bi Mwatum alimwelekezea kifuu cha nazi. "Kanyaga mwana wee, uachike, tule pweza!"

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Ile talaka aliyonipa mwaka wa mwanzo, pale mbele ya baba, akanirejea siku ya tatu. Hiyo moja. Nikikanyaga leo, mbili. Mbili bado mume ana haki ya kurejea. Atashuka melini, atanambia nimekurejea, basi. Wala haniombi ridhaa. Nitarudi mule mule, na safari hiyo atapigilia na mlango."

Bi Mwatum aliacha kukuna. "Mbili, enh?"

"Mbili."

"Una hakika na hesabu yako?"

Ghania akainamisha macho, akaanza kuchezea ukindu wa kikapu. Hesabu ile ilikuwa na shimo katikati, na shimo lenyewe lilikuwa hapa hapa Vitongoji, mwaka jana, walipokuja yeye na Mbaruk na wazee. Jioni moja Mjaka alileta mtungo wa changu mlangoni, zawadi ya wageni kama ilivyo desturi. Ghania akapokea, akasema, "Ahsante, Mjaka. Mamaako hajambo?" Basi. Hilo tu. Wazee walikuwa wamekwenda kutazama jamaa. Mbaruk akamvuta mpaka ua wa nyuma, akamwambia kwa sauti ya chini, kila neno peke yake, "Nimekuacha." Asubuhi akamwambia, "Nimekurejea. Na usimwambie mtu. Hakuna aliyesikia, na lisilosikiwa halikusemwa." Naye Ghania, kwa woga na kwa aibu, alilimeza. Tangu siku hiyo lilikuwa kooni kama mwiba wa samaki, haliteremki wala halitoki.

"Nina hakika," alisema.

Bi Mwatum akamtazama kwa muda mrefu sana. Halafu akarudi kwenye nazi yake, akaikuna kwa nguvu kama nazi ndiyo iliyomkosea. "Haya," alisema. "Mie niko hapa hapa nakuna."

Alasiri Ghania hakuweza kukaa ndani. Miguu ikampeleka tena kwenye majani, na safari hii upande wa kusini, pale palipokuwa na tanuri la chokaa. Alijidanganya kuwa anafuata upepo.

Mjaka alikuwa anapanga mawe ya matumbawe juu ya magogo, jiwe juu ya jiwe, duara kubwa kimo cha mtu. Vumbi la chokaa lilimpanda mpaka kwenye kope, akawa kama mzee wa miaka mia mwenye mabega ya kijana. Alipomwona aliliweka chini jiwe alilolishika. Hakusogea. Baina yao palikuwa na hatua kama kumi za mchanga.

"Asalaam aleikum, Bi Ghania."

"Waaleikum salaam. Tangu lini nikawa Bi kwako?"

"Tangu uolewe."

Mjaka akajifuta uso kwa mkono, akazidi kujipaka.

"Nilisikia kama umefika," alisema. "Kaja Siti kanambia. Halafu kaja shangazi yake Siti. Halafu kaja mtu ambaye wallahi hata simjui."

Ghania akacheka. Kicheko kilimtoka bila ya ruhusa, na kikamuuma kifuani, maana kilikuwa hakijapita njia hiyo siku nyingi. "Na wale?" Aliashiria kwa kidevu wanawake sita, saba, walioinama kwenye miamba na vikapu vyao.

"Wale wanatafuta chaza."

"Mahali pamoja?"

"Tangu asubuhi. Chaza walikwisha zamani. Wanangoja mguu wako."

Mmoja wao, Siti mwenyewe, akainua kichwa akapiga kelele, "Bi Ghania! Mchanga wa moto leo, au wa baridi?" Wenziwe wakaangua kicheko. Mwengine akamjibu, "Atajuaje naye hajaugusa? Katutuma sisi kwanza tuujaribu!"

Ghania alihisi uso unawaka. Akajifunika zaidi, lakini hakuondoka. Alikuwa anatazama mikono ya Mjaka. Mikono ile ndiyo iliyomfundisha kuelea, yeye ana miaka minane na Mjaka kumi na moja. Ilikuwa chini ya mgongo wake, ndani ya maji, na sauti ikimwambia jiachie, bahari haimzamishi mtu aliyejiachia. Halafu ikatoka kimya kimya, na yeye akaelea peke yake bila ya kujua. Miaka mitatu nyuma wazee wa Mjaka walikwenda Chake na posa. Mzee Thuwein aliwakaribisha vizuri, akawapa kahawa na halua, akawauliza hali za mashamba, kisha akawaambia kwa upole, "Mtoto huyu ni wa binamu yake tangu kuzaliwa." Wakatoka na utamu wa halua midomoni.

"Hujaoa," alisema Ghania.

"Nimechoma chokaa."

"Nikikanyaga, utafanya nini?"

Mjaka alifikiri. "Nitageuka nitazame kule."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wakiniona nakutazama, watasema nilikuwa nakungojea. Na mie nilikuwa nakungojea. Ndo maana sitaki waseme."

Moyo wa Ghania ulipiga pigo moja kubwa, akadhani hata wale wa kwenye miamba wamelisikia. Macho yao yalikutana, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuyaondoa kwanza.

"Ghania," alisema Mjaka, na safari hii hapakuwa na Bi. "Usikanyage kwa ajili yangu. Ukikanyaga kwa ajili yangu, siku tukigombana utanambia nilikutoa kwako. Kanyaga kwa ajili ya nafsi yako. Au usikanyage."

"Maneno mepesi hayo, kwa mtu aliye upande huo."

"Upande huu?" Alicheka bila ya furaha. "Upande huu mwaka wa tatu natazama madirisha ya nyumba yenu. Unaona ukuta ule? Chokaa yake kaichoma baba yangu. Imeshika mawe yote yale, lakini mie mlangoni sipiti. Usidhani uko peke yako ndani ya mtego."

Ghania alitaka kumwambia lile la kooni. Alifungua mdomo. Na hapo hapo, kutoka upande wa njia, honi ya gari ikalia. Mara ya kwanza ndefu, ya pili ndefu zaidi.

Mjaka akainama akaokota jiwe lake. Ghania aliijua honi ile. Ni teksi ya Chake, na katika Chake nzima mtu anayekodi teksi kuja Vitongoji alikuwa mmoja tu.

Mzee Thuwein alikuja kwa miguu kutoka kwenye gari, kanzu kaishika juu, bakora mkono wa pili, anahema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwema kwa kila mtu, ila pale ambapo wema ungemletea maneno. Alipomwona binti yake amesimama kwenye majani, kitu cha kwanza alichotazama ni miguu yake. Akaona viatu. Akashusha pumzi.

"Alhamdulillahi. Hujakanyaga."

"Sijakanyaga, baba."

"Mama mkwe wako kaja kwangu kukuulizia. Ati hitima imekwisha? Hitima gani? Mimi nasimama mlangoni kama mwizi, najibu nini? Nimemwambia uko chooni. Mimi, na ndevu hizi, nimesema uongo wa choo!" Akamwona Mjaka kule kwenye tanuri, akageuza uso. "Twende. Panda gari."

"Sendi, baba."

"Huendi?"

"Nimechoka."

"Nani asiyechoka? Ghania, mwanangu, sikiliza. Nitazungumza na Mbaruk. Nitamwambia alifungue hilo dirisha."

"Ulisema hivyo mwezi wa Rajabu."

"Nitasema tena."

"Utasema, atakubusu mkono, atakwambia ndiyo ami, na dirisha litabaki na misumari yake. Baba, mimi nazikwa na watu wananambia niombe ubao mzuri."

Mzee Thuwein aliipiga bakora chini. "Na ukikanyaga utapata nini? Hebu nambie! Atakurejea kesho kutwa, utakuwa umetutia aibu bure. Ile ya kwanza ilikuwa mbele yangu. Hii ya pili. Mwenye mbili ana haki."

"Hii si ya pili."

"Nini?"

Ghania alitupa jicho kwenye miamba. Wanawake wa kwenye miamba walikuwa wameacha hata kujifanya. Mwiba ulimkwaruza kooni, akausukuma, na safari hii ukatoka.

"Aliniacha mwaka jana, baba. Hapa hapa, uani, siku mliyokwenda kutazama jamaa. Asubuhi akanirejea, akanambia nisiseme. Nikanyamaza. Ile ndo ya pili. Nikikanyaga leo, ni ya tatu."

Uso wa mzee ulibadilika rangi. Talaka tatu hazina kurejea. Zikitimia, mume na mke hawana tena njia baina yao, na kila mtu mzima pale alilijua hilo.

"Uongo," alisema, lakini sauti ilikuwa ndogo. "Unasema kwa sababu umechoka. Nani alisikia? Mlete shahidi!"

"Mie."

Bi Mwatum alikuwa amesimama nyuma yao, mikono imejaa nazi mpaka kwenye viwiko.

"Nilikuwa nyuma ya ua wa makuti, Bwana Thuwein, nakuna nazi ya changu wale wale. Nimesikia nimekuacha, na asubuhi nimesikia nimekurejea. Tangu asubuhi leo nangoja Ghania aseme mwenyewe. Siri ya mume na mke si yangu kuitoa. Keshaitoa mwenyewe, sasa nasema."

"Mwaka mzima umenyamaza?"

"Mlikuja kuniuliza? Mwanangu Ghania, na weye nisikilize. Watu wanasema Mbaruk kakukataza Vitongoji kwa ajili ya kijana yule wa chokaa. Mie nacheka. Asubuhi ile alipotoka uani tulionana uso kwa uso. Kijungu cha maji kikamtoka mkononi. Alijua kuwa najua. Hakukukataza bahari. Kanikataza mie! Alitaka usije ukakaa na mie jikoni tukahesabu. Na kwa hasira zake, mjinga yule, kaapa kwa talaka ya mwisho aliyobaki nayo. Kafunga mlango, ufunguo kauacha upande wako."

Honi ikalia tena. Mzee Thuwein hakugeuka. Alikuwa anamtazama Bi Mwatum, mwanamke aliyempikia tangu yeye hajaota ndevu, na alikuwa hajawahi kumkamata na uongo hata wa chumvi.

"Mwatum," alisema taratibu. "Shahidi mmoja. Mbaruk atakana. Watu watasema mpishi kanunuliwa kwa mapenzi ya mtoto."

"Watu waseme. Weye je? Weye unajua sasa. Akishakanyaga, ukimpandisha gari lile ukampeleka kwa Mbaruk, utakuwa unampeleka kwa mumewe, au kwa mtu baki?"

Mzee akainamia bakora yake. Midomo ilicheza chini ya ndevu. Hata yeye sasa alikuwa kama binti yake, kwa mbele hapaendeki, kwa nyuma hapakaliki.

Akamgeukia Ghania, na sauti yake ikawa ile ya zamani, ya kumwita mtoto atoke majini kabla hajapata homa. "Lakini bado hujakanyaga, mwanangu. Sasa hivi bado mke wa mtu. Hakuna kilichoharibika. Twende nyumbani tukae tuzungumze, mimi na weye na mamaako. Polepole. Njoo." Akanyoosha mkono.

Huo ndio uliokuwa mgumu kuliko yote. Ghania angeweza kupigana na bakora, mkono ule hakuwa na cha kuufanya. Mkono mwembamba, wenye mishipa, uliomvusha njia na kumfungulia Kurani ya kwanza. Akiushika, atapanda gari. Akipanda gari, watazungumza. Wakizungumza, ataambiwa subiri. Aliyaona yote mpaka mwisho, mpaka kwenye chumba, mpaka kwenye misumari minne iliyokwisha kushika kutu.

Upepo ulitoka baharini ukalipeperusha buibui lake. Maji yalikuwa yameanza kurudi, sauti yake ikisikika mbali, ikija.

"Baba," alisema, "niwie radhi."

Akainama. Akavua kiatu cha kulia, akakiweka juu ya majani. Akavua cha kushoto, akakiweka pembeni ya mwenziwe, vizuri, ncha kwa ncha, kama mtu anayeingia msikitini. Kule kwenye miamba vikapu vikawekwa chini.

Akakanyaga.

Mchanga ulikuwa wa moto. Hilo ndilo la kwanza alilolijua, na alitaka kumwambia Siti. Akatia na mguu wa pili. Halafu akatembea, hatua kwa hatua, machozi yanamteremka wala hayafuti, akapita kando ya tanuri bila ya kugeuza shingo. Kwa pembe ya jicho aliona tu mgongo mpana, mweupe wa chokaa. Mjaka alikuwa ametazama kule, kama alivyosema. Lakini jiwe lilikuwa bado mkononi mwake.

"Ghania," alisema Mjaka kwa sauti ya chini, bado amegeuka. "Miezi mitatu?"

Eda. Miezi mitatu ndani ya nyumba, hatoki, haposwi, haonani na mwanamme asiyemhusu. Ghania alikuwa hajalifikiria. Ametoka kwenye mlango mmoja na mwengine ushafunguliwa unamngoja.

"Miezi mitatu," alijibu, bila ya kusimama.

Aliingia majini mpaka kwenye vifundo. Hakuogelea, hakuelea. Alisimama tu, maji yakimzunguka, mpaka aliposikia hatua za Bi Mwatum zinakuja nyuma yake zikiguna.

"Haya, toka, mwana wee. Eda yako ishaanza, usiniletee baridi yabisi."

"Baba keshaondoka?"

"Tazama mwenyewe."

Ghania akageuka. Gari lilikuwa linaondoka kule njiani, na vumbi lake, tupu. Mzee Thuwein alikuwa amekaa kwenye majani, kanzu yake nzuri imekunjana, bakora imelala pembeni. Viatu vya binti yake alikuwa kavipakata. Alikuwa anavipangusa kwa upindo wa kanzu, kimoja halafu kingine, anaukung'uta mchanga ambao haukuwamo.

Walipomfikia hakuinua uso.

"Nimemwambia dereva amlete mamaako kesho," alisema. "Na godoro. Eda utakaa hapa."

Halafu akamwambia Bi Mwatum, "Chumba cha mbele. Kile chenye dirisha."